Aliyekuja Kuomba Moto

Sina sababu ya kukudanganya. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi katika kisa hiki, maana humu ndani mwenye makosa ni mimi, na sijaona mtu anayekaa chini akatunga uongo wa kujidhalilisha mwenyewe. Haya yalinipata jikoni kwangu, Kisesa, saa kumi na moja jioni, nikiwa na akili zangu zote na kikombe cha kahawa mkononi. Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Pombe sinywi, mimi ni Mlutheri wa kutoka Kagera, na hata wale Walutheri wenzangu wanaokunywa watakuambia kwamba mimi sinywi. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu kama bado unataka kucheka, cheka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeolewa na Masanja, dereva wa malori makubwa, mtu ambaye kwa mwezi namwona siku nne au tano, zinazobaki naishi na sauti yake kwenye simu. Kwao ni hapa Kisesa, upande wa kwenda Bujora, nyumba ya bati yenye zizi kwa nyuma na jiko la nje la tofali za udongo. Nilipoolewa nilikuta nyumba hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Masanja. Alikuwa mama yake, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Tumeishi naye miaka kumi na tisa.

Alikuwa ananigombeza kutwa. Chumvi imezidi, chumvi haitoshi, ufagio umelala vibaya, maziwa yamechemka yakamwagika nami nipo tu nasahihisha madaftari. Alikuwa akisema sisi Wahaya tumezoea migomba, na mgomba hauna haraka, ndiyo maana tunatembea kama tunasubiri kupigwa picha. Nami nilimjibu kwamba Wasukuma huwasalimia ng'ombe kwanza, watu baadaye. Alicheka. Tulielewana kwa namna yetu, ila kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulitania hata siku moja, nalo ni moto.

Nikueleze vizuri, maana kisa chote kiko hapo. Jikoni kwa mama kulikuwa na mafiga matatu, mawe matatu meusi ya kuinjikia sufuria. Wakati wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishwa kutoka mashambani kwao, mama mkwe wa mama mkwe wangu aliacha vyungu, akaacha vihenge vya mtama, akayabeba mawe yale kichwani kutoka walikokuwa wanaishi mpaka hapa. Alibeba moja, akarudi kuchukua la pili, akarudi tena kuchukua la tatu. Watu walimcheka. Kisesa nzima ni miamba mitupu, na yeye anabeba mawe kuyaleta Kisesa. Lakini hakuwa anabeba mawe tu. Katika ukoo wao, mwanamke anayewasha moto kwenye mafiga yale ndiye mwenye nyumba, na siku akizeeka huwa anachukua kaa la moto kwa mkono wake na kumkabidhi mkamwana wake. Kabla ya siku hiyo wewe ni mke wa mtoto wake, basi.

Kila usiku mama aliyafukia makaa kwa majivu, na asubuhi aliyafukua akayapuliza yakawaka. Mimi nilipika juu ya moto wake kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuuwasha hata mara moja. Nikiamka kabla yake nilisubiri nje, nimekumbatia sufuria ya uji, mpaka aje. Je, nilikuwa nautaka moto ule? Niliutaka sana. Nimezaa watoto watatu katika nyumba hii, nimelipaka bati rangi, nimemzika baba mkwe. Kila mwaka nilidhani labda mwaka huu.

Kisha kifua cha mama kikaanza kumsumbua. Alikohoa mpaka akawa anashika ukuta. Tulimpeleka hospitali mjini na daktari akasema ni moshi, moshi wa miaka sitini, na kama ataendelea kuinamia mafiga kwenye chumba kisicho na dirisha, dawa hazitamsaidia. Hapo ndipo nilipopata wazo la jiko banifu. Mwalimu mwenzangu analo nyumbani kwake. Ni jiko la kuni la tofali, limezibwa pande zote, lina kimlango kidogo cha chuma mbele, bamba la chuma juu lenye matundu mawili ya sufuria, na bomba linalopitisha moshi hadi juu ya paa. Unatia vijiti vitatu na maharage yanaiva. Nilikaa jikoni kwake saa nzima nikiwa na gauni jeupe, nikatoka gauni likiwa bado jeupe.

Mama alikataa miezi miwili. Mwezi wa tatu alikubali, nadhani kifua ndicho kilichokubali. Lakini aliweka sharti, na sharti lenyewe nilisikia kwa masikio yangu haya. Alikuwa anaenda Buzuruga kukaa wiki mbili kwa binti yake, yaani wifi yangu, ili awe karibu na hospitali. Alisema jiko jipya lijengwe ukutani, upande wa pili, na mafiga yake yasiguswe, na moto wake usizimwe. Alinionyesha namna ya kuufukia. Fikiria, miaka kumi na tisa, na siku ile ndiyo alinionyesha.

"Nikirudi," alisema, "nitauhamisha mwenyewe. Wewe ulinde tu."

Nikasema sawa mama. Nilisema kwa moyo wote, niamini.

Fundi alikuja Jumanne. Alikuwa fundi mzuri, sitamsema vibaya, hakujua kitu na mimi sikumwambia. Alibomoa ukuta uliooza, akaziba mlango wa zamani uliokuwa unaelekea zizini kwa sababu ulikuwa unaingiza upepo, akafungua mlango mpya wa kuelekea nyumba kubwa, akatoboa na dirisha. Jumatano, alipofika kwenye jiko lenyewe, akasimama, akatazama juu, akakuna kichwa. Akasema bomba haliwezi kupita upande ule, kuna boriti ya paa, itaungua. Mahali pekee pazuri palikuwa katikati, pale pale kwenye mafiga. Nikamwambia tusubiri wiki mbili, mwenye mafiga arudi. Akasema kesho anavuka Kigongo kwenda Sengerema, ana kazi ya nyumba ya padri, hatarudi kabla ya miezi miwili.

Mimi nilitazama jiko lililobomolewa nusu. Nilitazama anga, maana mvua zilikuwa zimeanza. Nikampigia Masanja simu, akasema, "Fanya unavyoona," kwa sauti ya mtu aliyekuwa anakula. Nikawaza kifua cha mama. Nikawaza pia, na hili simwambii mtu yeyote ila wewe, nikawaza kwamba nimechoka kusubiri ruhusa kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nikachota maji kwenye ndoo nikayamwaga juu ya moto ule kwa mkono wangu. Ulitoa sauti ndefu na mvuke mwingi, nikatoka nje nikikohoa.

Mawe je? Fundi aliyapenda. Alisema ni mawe magumu yaliyozoea joto, yakiwekwa chini ya tumbo la jiko yatatunza moto hata usiku kucha. Mawili yaliingia mazima. La tatu lilikuwa kubwa, akalipiga nyundo likapasuka vipande viwili. Mimi nikajiona mwenye akili sana. Nikasema nitamwambia mama mafiga yako mle mle, hayakwenda popote, yamejengewa nyumba tu. Hata maneno ya kumwambia niliyapanga.

Basi jiko likajengwa. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, tofali za kuchoma, bamba la chuma lililochomelewa Buzuruga, bomba lenye kofia ya bati juu. Pembeni fundi alinijengea na kibaraza cha kukalia kinachopata joto la jiko. Siku nane nililikausha kwa moto mdogo wa vijiti, asubuhi na jioni, kama alivyonielekeza, ili lisipasuke. Moto niliuwasha kwa kiberiti. Ukuta niliupaka chokaa mara mbili. Siku ya tisa, ambayo ilikuwa Ijumaa, nikatia kuni kavu za kweli, nikafunga kimlango.

Nisikilize sasa, maana sitaki udhani kwamba jiko lile lilikuwa baya. Lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Mvua ilikuwa inanyesha ile mvua ya ziwani inayokuja na baridi, watoto wako shule za bweni, Masanja yuko safarini, na mimi nimekaa kwenye kibaraza, mgongo una joto, nina kahawa ya kwetu niliyoikaanga mwenyewe juu ya bamba, na viazi vitamu viwili vinaiva pembeni. Hakuna moshi. Hakuna chozi. Nilinyoosha miguu, nikasikia kuni zinanong'ona ndani, nikasema moyoni sasa hii ni nyumba yangu. Mama alikuwa anarudi kesho yake.

Nilipoinua macho palikuwa na mwanamke mzee jikoni.

Sikusikia hodi. Mbwa wetu hubwekea hata kuku wa jirani, siku ile hakubweka. Alikuwa mama mtu mzima sana, amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, zote mbili zimelowa, na mkononi ameshika kigae cha chungu, kile kipande watu wa zamani walichokuwa wanapalia makaa. Nilidhani ni mama wa nyumba za huko juu mlimani, wapo wengi nisiowajua. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Nikasimama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Naomba moto, mwanangu," alisema.

Unajua bado watu wanaombana moto huku kwetu, mvua ikizidi na kuni zikilowa. Jirani akija na kigae au na kipande cha bati unampa kaa, hakuna anayenyima. Mama alikuwa akiwapa watu hata alipokuwa amewanunia. Lakini mimi nilitazama kile kimlango. Kukifungua wakati kuni zimeshika vizuri kunarudisha moshi chumbani, fundi alinionya, na chokaa yangu ilikuwa na siku mbili tu. Ndiyo, niliionea huruma chokaa. Nikamwambia yule mgeni, mama, jiko hili la kisasa halichotwi makaa, chukua kiberiti hiki hapa, nenda nacho, nitanunua kingine. Nikakitoa kwenye mfuko wa sweta nikamnyooshea, nami nikijiona mkarimu.

Hakukipokea. Alikitazama kile kiberiti, kisha akanitazama mimi.

"Kiberiti kipo kila duka. Mimi nimeomba moto."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyebanwa. Yeye akaenda taratibu hadi kwenye jiko akaweka kiganja chake ubavuni, pale karibu na kimlango, mahali ambapo mimi siwezi kugusa hata kwa kufumba na kufumbua. Akakiacha pale pale. Alikuwa anapapasa tofali zile kama mtu anayemtafuta mtoto gizani chini ya blanketi.

"Wako humu," akasema. "Wote watatu. Mmoja mmempasua."

Nikuulize, nani alijua? Fundi alikuwa Sengerema. Mimi sikumwambia mtu, hata Masanja. Yeye akavua ile kanga ya kichwani ili aikamue maji, na hapo niliona utosi wake. Hakuwa na nywele katikati. Palikuwa na kipara cha mviringo, kimebonyea, ngozi yake ngumu na inang'aa. Aliikamua kanga na maji hayakudondoka. Yalidondoka majivu.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema yuko Buzuruga. Ningeweza kusema anarudi kesho, mama, karibu ukae. Lakini sijui kiburi kile kilitoka wapi katikati ya hofu, nikasema, "Mwenye nyumba ni mimi."

"Nani alikukabidhi?"

Mpaka leo swali hilo sina jibu lake. Akajifunga kanga yake vizuri, akakipangusa kile kigae kwa kiganja kama anakitunza kwa ajili ya siku nyingine, akasema kwa upole kabisa, bila hasira hata chembe, na upole huo ndio unaonikosesha usingizi.

"Kesho ndiyo ilikuwa siku yako."

Akageuka akatoka. Nilibaki nimesimama na kiberiti mkononi, nikisikia mvua, nikisikia kuni. Baada ya muda ndipo nilipogundua alikopitia. Alitoka upande wa zizi. Upande wa zizi hakukuwa tena na mlango, kulikuwa na tofali na chokaa yangu. Kwenye sakafu palikuwa na nyayo za majivu makavu, kuanzia kwenye jiko hadi ukutani, na unyayo wa mwisho ulikuwa nusu, kisigino tu, vidole vimeishia ndani ya ukuta. Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye kibaraza changu cha joto mpaka viazi vikaungua.

Mama alikuja kesho yake saa nne asubuhi, na wifi, kwenye bajaji. Nilikuwa nimefuta nyayo, nimepanga maneno yangu, yako mle mle mama, yamejengewa nyumba. Alisimama mlangoni pa jiko akatazama. Hakuingia. Alitazama mahali pa mafiga, akatazama mlango wake wa zamani, akatazama bomba. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Moto uliuzima mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Nikaanza kulia, nikamsimulia yote palepale, la fundi na la yule mzee. Wifi akaguna, akasema sasa nawasingizia marehemu. Lakini mama aliniinulia mkono ninyamaze. Aliweka kidole utosini kwake na kuniuliza kama yule mama alikuwa na kipara hapa, kimeingia ndani. Nikasema ndiyo. Mimi sikuwahi kumwona mama mkwe wake, alifariki kabla sijaijua Mwanza, na hakuna picha yake nyumba nzima. Mama akasema alikipata kwa kubeba mafiga yale. Jeraha lilipona, nywele hazikuota. Kisha akaomba maji ya kunywa, akanywa akiwa amesimama uani, akarudi kwenye bajaji. Hakulala nyumbani kwake siku ile. Hajalala tena.

Wifi ndiye aliyenieleza mengine, kwa simu, jioni ile ile, na nadhani alifurahi kunieleza. Kule Buzuruga mama alikuwa amemtuma akamnunulie kitenge kipya, doti nzima, chenye rangi ambayo mimi napenda. Alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kifua hakimpi nafasi tena, na kwamba Jumamosi, baada ya kuuhamisha moto kwenye jiko jipya, kaa la kwanza angenipa mimi. Angenikabidhi jiko jipya, moto na nyumba kwa pamoja. Angenifunga kile kitenge kiunoni mbele ya majirani. Alikuwa amewaalika wanawake watano. Siku hizi kitenge hicho anakivaa wifi kwenda sokoni.

Masanja aliporudi safari alikasirika kwa siku mbili, akasema yeye hakunituma. Nilimkumbusha lile fanya unavyoona. Akasema alidhani nazungumzia rangi ya ukuta. Haya, ndiye mume wangu, nifanyeje. Alijaribu kumbembeleza mama yake mara tatu, mara ya nne akachoka, akarudi barabarani.

Unataka kujua jiko likoje? Jiko liko vizuri. Linawaka, linaivisha, halitoi moshi, walimu wenzangu wanakuja kuliangalia na kuuliza namba ya fundi. Lakini moto wake hautoki nje ya jiko. Sikufumbii, nasema kitu unachoweza kuja kukiangalia. Jirani akija kuomba moto nampa, sasa sinyimi mtu, nafungua kimlango na chokaa ile imekuwa nyeusi, sijali. Namchotea kaa jekundu kabisa. Akifika kizingitini linazimika. Siyo kupungua, linazimika, linakuwa jeusi na baridi palepale, hata upepo usipokuwepo. Tumejaribu kwenye kigae, kwenye bati, kwenye pasi ya mkaa, kwenye sufuria yenye kifuniko. Jirani mmoja alijaribu mara sita kwa ubishi, ya saba akaniangalia tu, akaondoka na mikono mitupu. Siku hizi hakuna anayekuja kuomba. Wakipita njiani wananisalimia vizuri, wanapita.

Mchungaji alikuja akaomba. Nashukuru alikuja. Nilitaka pia jiko libomolewe nimrudishie mama mawe yake, na nilimwambia hivyo nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwa wifi. Mama alisema jiwe lililopasuliwa halibebi sufuria, na moto uliomwagiwa maji hauna mahali pa kurudi, na kwamba niache nisijisumbue, kuni ni ghali. Alisema hivyo kwa upole. Ni upole ule ule niliousikia jikoni, na ningeona afadhali anipige.

Kifua chake? Kimepata nafuu kidogo. Kwa wifi wanapikia gesi. Kwa hiyo hilo nililolitaka nimelipata, mama anapumua, ila si nyumbani kwake wala si kwa jiko langu. Namtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Nampelekea maziwa, viazi, samaki nikipata sato mzuri. Anakula chakula changu chote. Hasemi chumvi imezidi wala haitoshi. Anasema asante, Mungu akubariki.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa uani pale Buzuruga, mimi na yeye, akaja mama mmoja mpangaji mpya kumjulia hali. Akamuuliza mama, huyu mgeni wako ni nani? Mimi nilijiweka sawa kwenye kiti. Mama alinitazama, akatabasamu, akamjibu kwa heshima zote kwamba huyu ni mwalimu, anatoka Kisesa, ni mtu mwema sana, huwa anakuja kunisalimia.

Kwa hiyo wewe mwenye mzazi, wewe unayetaka kumfanyia jambo jema akiwa hayupo ili akirudi afurahi, nakuomba. Usiguse chake. Acha jiko libomoke nusu, acha mvua iingie, msubiri arudi aseme mwenyewe. Fundi akikuambia kesho anaondoka, mwache aende. Mafundi wapo wengi.